Neno Nililolibandika kwenye Kichupa

Wifi yangu Kabula,

Jana mchana nilisinzia kitini, miguu juu ya stuli kwa sababu siku hizi inavimba, na harufu ya kivumbasi ikaingia mlangoni kabla yako. Ndivyo ulivyokuwa hata ulipokuwa hai. Kwanza harufu, kisha khanga, kisha sauti: "Mwangaluka, nesi." Ulisalimia hivyo kwa Kisukuma asubuhi, ulisalimia hivyo jua likizama, na mtu akikukosoa ulimjibu kwamba asubuhi yako haijaisha.

Nilipofungua macho palikuwa na kuku mmoja sakafuni na pazia likipumua. Harufu ilibaki kidogo, ikaondoka.

Leo ungepotea hapa Bariadi. Tumekuwa makao makuu ya mkoa. Hapa Somanda bodaboda zinapita tangu alfajiri, na pale lilipokuwa duka letu wanauza vocha na chaja za simu. Kaka yako, mume wangu, alikufuata baada ya mvua mbili. Nimebaki mimi na moyo huu ambao daktari anausikiliza, halafu anaongea na mwanangu nje ya mlango, kana kwamba sikufanya kazi ya unesi miaka yote ile. Najua wanachosema. Ndiyo maana nakuandikia sasa, mkono ukiwa bado unashika kalamu.

Nianze na bomba, kwa sababu nikilikumbuka nacheka. Bomba la shaba la gongo. Ulipookoka uliacha kupika gongo, lakini bomba hukulitupa. Ulijaza debe majani ya kivumbasi na maji, ukakoka moto wa vijiti vya pamba, bomba likapita kwenye beseni la maji baridi, matone yakaanza kudondoka chupani. Nilikutania, "Wifi, mchungaji akipita hapa?" Ukasema, "Atanusa, mafua yatamtoka, atatoa sadaka yeye." Juu ya maji yale palielea utando mwembamba wa dhahabu. Uliutoa kwa unyoya wa kuku, taratibu, ukizuia pumzi. Wakati mwingine naona maisha yangu yote yameelea hivyo juu ya maji, na wewe umeinama na unyoya wako.

Wazo lilitoka kwenye kihenge cha mama yenu. Alichanganya majani yale na mtama, fukusi wasiingie. Ukaniuliza, "Kinachomfukuza fukusi kitashindwaje na mdudu wa kidonda?" Mimi msomi nilicheka. Kisha nikaweka mchuzi wa nyama kwenye visosi viwili, kimoja nikakitia matone yako. Siku ya tatu kimoja kilikuwa na ukungu wa kijani na kinanuka, na kingine kilikuwa kama nilivyokiacha. Nilikaa na visosi vile mapajani muda mrefu. Nilikuwa nimesoma chuo kuvijua vijidudu. Wewe ulivijulia kihengeni.

Ukayazimua kwenye mafuta ya pamba, tukayapaka vidonda vya miguu vilivyokwisha kuoshwa kwa maji ya kuchemsha, na vilikauka vizuri. Wenye mafua walijifunika shuka, wakavuta mvuke, pua zikafunguka. Mpaka wako ulikuwa wazi kuliko wa vitabu vyangu. "Ya nje na ya pua, nesi. Homa ikipanda, mtu aende hospitali."

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Unaikumbuka? Pamba ikawa na wanunuzi wengi, maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu. Nami nikaacha kazi, nikafungua duka la dawa baridi. Rafuni kulikuwa na chupa za kutoka nje zenye maandishi ya kung'aa, kila moja ikiahidi uzima. Zako zilikuwa vichupa vya penisilini tulivyovichemsha, bila maandishi, vimejificha nyuma. Ukaniambia, "Viandikie. Andika: Ya kidonda na ya mafua. Basi."

Nilikata karatasi za daftari, nikapaka gundi ya ugali, nikaandika: MAFUTA YA KINGA.

Ulikuwa hujui kusoma, lakini ulijua kuhesabu maneno kwa macho. "Mbona machache hivyo?" Nikajibu, "Nimeandika ulivyosema. Kiswahili cha dukani ni kifupi." Ukacheka. "Ninyi wasomi mnabana hata maneno."

Hilo ndilo ninaloungama, Kabula. Hukuwahi kulisema neno lile, kinga. Lilikuwa langu.

Nilijua tofauti kati ya kumuua mdudu kwenye kisosi na kumuua ndani ya damu. Nilikuwa nimewafundisha akina mama kliniki maana ya kinga ya mwili, nikawaona wanavyoinua nyuso wakilisikia. Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao hatukuutaja kwa jina, watu wakikonda mbele yetu, kila mtu akilitafuta neno hilo. Nikajiambia kwamba anayepumua vizuri hulala vizuri, na anayelala vizuri mwili wake hupata nguvu, kwa hiyo si uongo mtupu. Mtu aliyesoma hudanganya namna hiyo. Huanza na nusu anayoweza kuitetea.

Na nikasahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Kisukuma analijua. Kinga likifika nyumbani linageuka lukago, dawa ya kumzungushia mtu au zizi, baya lisivuke. Watu waliyadondosha kizingitini. Yule mzee mwenye ng'ombe akampaka dume lake kwenye pembe, tukacheka hadi tukashika ukuta. Ulisema, "Dume lile sasa lina mafua?" Hukujua kwa nini amefanya hivyo. Mimi nilijua, nikaendelea kucheka.

Ngolo, jirani wa nyuma ya duka, alimpaka binti yake Holo shingoni kila asubuhi. Siku ya chanjo ya surua hakwenda. Mtoto ana kinga tayari, aende kufuata nini? Baada ya mavuno surua ikaja. Holo alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Matanga yalipokwisha, Ngolo alikuja uani kwako na kichupa mkononi. Hakupiga kelele. Alikuita mama kama siku zote, akasema, "Mayu Kabula, nani alisema haya ni kinga?" Ukakichukua. Ukakigeuza kwenye mwanga kama vile herufi zitafunguka. Kisha ukanitazama mimi, nimesimama na sinia la chai, na nikaona umeelewa. Nilingoja useme. Ukasema, "Mafuta ni yangu, na neno ni langu."

Sinia halikunianguka. Mpaka leo nashangaa.

Watu wakaanza kuyataja macho yako, mekundu kwa moshi wa debe. Unajua huku kwetu macho mekundu ya mama mzee husomwaje: uchawi. Ulilikunja bomba kwa mikono yako, ukahamia Ipililo kwa mwanao. Nilikuja mara mbili. Kila mara nilibeba maneno haya, ukanipa karanga, ukauliza, "Duka linaendeleaje?" Nikarudi na karanga na maneno yangu.

Wanawake waliokuosha ulipofariki waliniambia viganja vyako vilikuwa bado vinanukia. Labda walitaka kunifariji. Sikustahili.

Ngolo sasa ni bibi kama mimi. Kila Jumamosi baada ya jumuiya hupita kuniombea na kunikanda miguu. Hukanda kwa mafuta ya mchaichai ya dukani, yenye karatasi ya kuchapwa. Alijifunza kusoma ukubwani. Alisema alitaka asiambiwe tena na mtu kilichoandikwa. Wiki iliyopita alinisomea kidole kikifuata mstari: "Huimarisha kinga ya mwili." Kisha akasema, "Mungu amsamehe Kabula kwa neno lake."

Nikasema, "Amina."

Tangu siku hiyo unakuja mchana, wifi. Hunigombezi. Unasimama mlangoni, harufu inatangulia, na mimi nashindwa kukukaribisha.

Leo ni Jumamosi. Kile kichupa cha mwisho nilikificha kabatini miaka yote. Mafuta yamekauka, imebaki rangi ya chai chini. Asubuhi nimelowesha karatasi ya zamani, imetoka vipande vipande. Nimepika ugali kidogo kwa ajili ya gundi, mwanangu akidhani nina hamu ya kula. Nimekata karatasi nyingine. Herufi zimelala kama mtama baada ya upepo, lakini zinasomeka: Ya kidonda na ya mafua. Basi.

Leo nimeandika ulivyosema.

Kichupa kipo mezani, kimeelekea mlango. Nakuahidi sitakiachia kichupa kazi yangu. Nitamwambia Ngolo kwa mdomo wangu neno lilikuwa la nani, kabla hajagusa miguu yangu. Akiondoka asirudi tena, ni haki yake, na miguu itavimba tu. Kama moyo utanipa siku nyingine, nitawaambia na watu wa Ipililo.

Nasikia hodi yake getini. Jua limeshageuka, wifi, lakini pita ndani, ukae karibu nami wakati nasema.

Mwangaluka, Kabula.