Waya wa Sauti na Mkono Wangu Wenye Hina

Baba Salma,

Nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa, nimeshuka ngazi za gorofa yetu hapa Mchafukoge, na mahali pa kwanza nilipokwenda si kwenu wala si kwetu. Nimekwenda Kariakoo kununua waya. Ndugu zako wakisikia watasema nimechanganyikiwa, na huenda hawatakosea.

Nikueleze ilivyokuwa. Siku ya msiba waliihamisha ile televisheni yako ya kazi ili kupisha mikeka. Mama mmoja, Mungu amlipe wema wake, akaona ina vumbi, akaifuta kila mahali. Alipofika kwenye vidude vya kuzungusha rangi akakuta alama zako za rangi ya kucha, zile ulizoweka ili mtu asikusogezee hata kidogo. Akadhani Salma alikuwa akichezea, akazikwangua zote, na vidude vyenyewe vikazunguka. Hakubakiza hata moja.

Sikujua. Mama Hansa wa gorofa ya chini alipopanda kunipa pole, akauliza kwa aibu kuhusu kanda ya harusi ya binti yake, uliyoirekodi ukafa hujaiunganisha. Nikamwambia nitaimaliza mimi. Ni kazi ya ndani, eda haiikatazi, na mtoto lazima ale. Nikawasha deki zote mbili, nikakaa kwenye kiti chako, nikasahihisha rangi kwa kile kisanduku chako huku nikiiangalia televisheni na kuiamini. Kesho yake Mama Hansa akarudi na kanda mkononi. "Dada, kazi nzuri sana," akasema, "lakini bwana harusi amekuwa kijani." Nilicheka, Baba Salma. Nilicheka mpaka akaniwekea mkono begani, ndipo nikajua kwamba nalia.

Ndipo nikaikumbuka kanda ya mkono. Unakumbuka? Televisheni ilipofika kutoka Dubai, wakati ule wa ruksa, biashara ilipoachiwa huru na kila mtu analeta chake, ulinikalisha dirishani mchana, nina hina ya harusi ya dada yako, ukanishikisha chungwa, ukanirekodi mkono. Mkono tu! Nikakuuliza uso wangu una kasoro gani. Tangu hapo, kila ukitaka kuipima televisheni unaweka kanda ile, unaniita hata kama nina unga viganjani, nauweka mkono wangu pembeni ya kioo, nawe unazungusha rangi mpaka mikono miwili ifanane. Sauti ulikuwa unaizima. Ulisema mtu hawezi kupima kwa macho na masikio kwa wakati mmoja.

Basi nikafanya hivyo peke yangu. Mkono wangu wa sasa hauna hina, na umekonda, nikaona haya kuuweka karibu na ule wa kwenye kioo. Nikafuata ngozi ya juu ya kifundo, ambako hina haikufika. Nikazungusha taratibu, chungwa likarudi kuwa chungwa, mkono ukawa mkono. Kanda ya Mama Hansa nikairudia na akaichukua kwa furaha.

Lakini siku hiyo sauti sikuizima. Kulikuwa na mngurumo, kama friji ya dukani, na nyuma ya mngurumo kulikuwa na mtu anazungumza. Ulikuwa ni wewe.

Sina picha yako, mume wangu. Ulirekodi harusi za mji mzima na hukuwahi kusimama mbele ya kamera. Nina ile ya pasipoti tu, ambayo umenuna. Sauti yako kwenye kanda za wateja uliifunika kwa taarabu, na kanda zenyewe za kamera ukarekodi harusi nyingine juu yake, kwa sababu kanda ni ghali. Hiyo ya mkono ndiyo pekee iliyobaki. Na imechezwa mno, inaanza kuleta chenga pembeni. Kila nikiicheza inakwanguka kidogo zaidi. Najua hilo, na niliicheza.

Nikasema mngurumo huu unatokana na waya. Kila kitu kilikuwa kinanguruma siku hizo, hata kanda ya Mama Hansa. Mimi sitoki, basi nikamtuma mdogo wako Hamadi. Akaleta waya wa antena. Nikamtuma tena, akaleta waya wa sauti mwembamba kama uzi wa kushonea nguo, vichwa vyake vinapwaya. Nikamfokea, maskini, naye ana msiba wake. Nilikaa eda nzima nikiuota waya. Wanawake wenzangu walidhani namuomba Mungu anipe subira, kumbe nilikuwa namuomba Hamadi apate akili.

Juzi nikaenda mwenyewe. Nilizunguka mpaka upande wa Msimbazi, nikiwa na kisu kidogo kwenye mkoba kama ulivyokuwa unafanya. Muuza duka akasema, "Mama, zote ni moja hizo." Nikamkatia kipande mbele yake, nikamlipa kipande chake, nikamwonyesha hakuna wavu wa shaba ndani wa kuzuia mngurumo. Akaenda nyuma, akaleta mwingine. Mzito, unapinda bila kuvunjika, wavu wake umesukwa vizuri, vichwa vinabana. Ungefurahi. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia.

Nikachomeka. Nikajaribu kwanza nakala ya harusi ya kina Hansa. Safi, Baba Salma. Nilisikia hadi bangili. Nikaweka kanda ya mkono.

Ikanguruma vilevile.

Nilichomoa nikachomeka, nikasogeza deki, nikazima feni, nikabadilisha soketi ya ukutani. Kisha nikaelewa, nikakaa sakafuni. Mngurumo hauko kwenye waya wangu, uko ndani ya kanda. Siku ile ulikuwa hujaijua kazi ya sauti bado, ukatumia waya mbaya, na ukali wako wote wa waya ulikuja baadaye. Hakuna duka Kariakoo linaloweza kunisaidia. Nimekata tamaa, nakwambia kweli. Nimekosa hata pa kuelekeza hasira.

Mimi nasikika vizuri, kwa sababu kipaza sauti ulikiweka mezani kwangu. Nasema, "Mkono unakufa ganzi, bwana." Halafu unanijibu kitu kifupi, mngurumo unakimeza, halafu mimi nacheka. Nacheka sana. Ulisema nini? Nilikuwepo, niliyeambiwa ni mimi, na sikumbuki. Nakaa jikoni najaribu maneno yako yote niyajuayo, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja linalonichekesha vile.

Kanda nimeirudisha mwanzo na kuitia ndani ya boksi lake. Sitaicheza tena, maana ikikatika nitakatika nayo. Sikukuu ikifika nitampaka Salma hina, nitamkalisha dirishani na chungwa, nimrekodi mkono, ndio utakuwa kipimo chetu kipya. Kipaza sauti nitakishika mimi, nyuma ya kamera, kwa waya huu mzito. Nitazungumza mno, nakuahidi, mpaka mtoto achoke.

Lala salama, Baba Salma, Mungu akuangazie ulipo. Na siku utakayonijia ndotoni, usiniulize habari za kazi. Rudia tu kile ulichosema.

Mkeo,
Mama Salma