Siku diski ilianza kugonga

Jumatano. Asubuhi mvua ilinyesha, sasa jua inachoma na matope inatoa moshi. Roho: mubaya.

Mimi, Papa Bonga wa Kabondo, sijaogopa kitu tangu nizaliwe. Siku moja mamba ya muto Tshopo iliniangalia, nikaiangalia, ikashusha macho.

Uongo. Hiyo mamba niliiona kwa kalenda. Na sasa hivi naogopa kamashini kadogo kama mutoto anaogopa daktari.

Niko naandika kwa simu, na kidole gumba cha mukono wa kuume. Mukono wa kushoto umeshika waya ya chaja pale inaingilia kwa laptop, sababu tundu imelegea, na batri ilikufa zamani. Nikiachia, inazima. Ikizima, sijui kama itaamka tena.

Diski ya ndani inagonga. Tk. Tk. Tk. Kama mutu anabisha mulango na hataki kusema jina.

Na ndani ya diski kuna Ramazani.

Papa Ramazani alikuwa rafiki yangu, muimbaji wa kasida, mutoto wa zile familia za Waislamu wa zamani wa huu muji. Maisha yake yote alikataa kurekodiwa. «Sauti ni Mungu alinikopesha, na wewe unataka kuifunga ndani ya sanduku?» Mwaka jana akakubali, mara moja tu. Nikaziba madirisha na mablanketi, akaimba mpaka na mimi mukristu mubaya nikatoa machozi. Kasida ikaisha, akasahau kama mikro iko inasikia bado, akapangusa jasho, akacheka: «Bonga, na hii joto yote, unanizoesha jehanamu mbele ya wakati?»

Ile kicheko nilitaka kuikata. Uvivu ukaiokoa.

Amekufa. Jumamosi ni arobaini yake. Mujane wake, Mama Zuhura, alinifuata hapa nyumbani: «Shemeji, kasida wajukuu wataimba. Wewe niletee ile kicheko.»

Nikasema ndiyo, na kifua mbele. Kumbe!

Leo asubuhi diski ikaanza kugonga. Nikamuita bibi yangu, Mama Béa, ashike waya nikimbie kununua diski ingine. Akashika, akaniangalia: «Hata kwa ndoa yetu sikushika mukono yako murefu hivi.» Nikapanda toleka. Muendesha baiskeli akapigana na matope, mimi nyuma yake nikasali kwa Yezu, na kwa Mungu wa Ramazani pia, tusibague.

Dukani, Mama Kavira wa Butembo akaniwekea diski mbili kwa meza. Moja kubwa, nzito, tera mbili. Ya pili nyembamba kama biskuti, nafasi yake kidogo tu. Mimi ni mutu wa tamaa. Na muziki ni mizigo: kila sauti na faili yake, kila gitare na yake, ngoma peke yake, nyimbo moja inakula nafasi kama bibi-harusi kwa kiti. Bon, nikakamata ile kubwa, nikaitikisa kwa sikio kama mutu anachagua yai.

«Papa, usitikise! Ndani kuna sahani inazunguka, na kasindano juu yake.»

Nikairudisha kwa meza polepole. Sahani? Sindano? Donc ni tourne-disque, ile mashine ya santuri! Mimi mwenyewe, kijana, nilikuwa nafukuza wachezaji na ufagio wasikaribie tourne-disque, sindano isiruke. Na hii laptop, kila repetisyo ya bendi yangu, naiweka juu ya bafle, ile spika kubwa ya besi. Sababu mvua ikinyesha maji inaingia chini, na tena nilikuwa najisemea: acha mashine isikie besi vizuri.

Imesikia.

«Na hii biskuti, ndani kuna nini inazunguka?»

«Hakuna kitu, Papa. Lakini ni ndogo.»

«Na mimi ni mudogo, na nimedumu. Lete.»

Nikarudi, Mama Béa akanirudishia waya, akaenda zake kuimba kwa koral ya kanisa. Kwa woga nikakamata vitu vyote pamoja, nikavitupa kwa diski mpya. Alors, mashine inafuata alfabeti. Bonga mbele! Nyimbo zangu zote zinapita kama machifu, hata ile ya kusifu mbuzi, na Ramazani iko nyuma kwa foleni. Kusimamisha naogopa. Mugonjwa akiwa anapumua hivi, haumugeuzi.

Kamustari ka kijani kanatembea kama kinyonga.

Niseme ukweli. Hofu yangu si ya diski. Naogopa macho ya Mama Zuhura Jumamosi. Na naogopa kingine zaidi: tangu asubuhi niko najaribu kukumbuka ile kicheko ndani ya kichwa yangu, na nasikia tk-tk tu.

Sasa jirani yangu Modesti, fundi wa kuchomelea vyuma, amefungua atelier. Anapiga chuma nyundo; akimaliza nyundo, anachomelea. Na akichomelea, courant, umeme ya avenue yote, inashuka, balbu inakuwa nyekundu kama jicho ya mulevi, mara ingine inakatika kabisa. Nimeita, hasikii. Nimepiga simu, hapokei. Lakini haya maandishi yangu ya kwa internet anasomaga akipumzika. Namusikiaga akicheka nyuma ya ukuta.

Modesti, mutoto yangu. Unakumbuka ndoa yako? Mupiga gitare wako alilewa, nikakaa kwa kiti yake mpaka asubuhi, vidole vikatoka damu. Ukanikumbatia: «Papa Bonga, siku moja uniombe kitu.» Sijawahi kuomba.

Nyundo imenyamaza. Nasikia unavuta waya.

Weka ile kofia ya chuma chini. Kaa. Kula lituma yako ya ndizi polepole, tafuna kama muzee. Kamustari kamefika kwa herufi ya P.

Usiwashe, Modesti. Acha Ramazani apite.