Gari Moshi la Kalisti, Shilingi Tano

Jumatatu, 5 Julai 1954

Bujiku, mkwe wangu, amekuja leo. Hakuingia uani mara moja. Alijificha kwenye mihogo mpaka Mama Bernadina alipokwenda kisimani, ndipo akajitokeza. Ndiyo adabu yetu Wasukuma: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kula meza moja. Vijana wa mgodini waliotoka mbali hucheka. Nimewaeleza mara nyingi.

Shikamoo baba. Marahaba. Bujiku ni fundi wa pampu, amezoea kuachia mashine iseme. Mwishowe akaeleza: anatukaribisha sisi sote, mimi, mama, yeye na mkewe, Jumamosi mchana, katika hoteli mpya ya Kalisti. Anataka kusema na Bernadina mbele ya wazee.

Binti yangu Bernadina yuko kwangu tangu Aprili. Niandike sababu, nisije nikaisahau na kuibadilisha. Wakati wa masika nyumba yao ilivuja. Fedha ya mabati ilikuwapo. Bujiku akaenda Mwanza kununua mabati, akarudi na gramafoni. Akasema ni zawadi ya mkewe. Bernadina akasikiliza santuri upande mmoja, amejifunika mwavuli ndani ya nyumba, kisha akafunga sanduku lake.

Jumanne, 6 Julai

Habari za hoteli yenyewe. Kalisti aliosha vyombo miaka kumi na mmoja katika behewa la chakula la gari moshi. Sasa amejenga behewa lake hapa Geita, la mbao, refu na jembamba. Reli haifiki Geita. Kwa hiyo walaji wengi hawana cha kulinganisha nacho, jambo ambalo kwa mwenye hoteli si baya.

Bei ni shilingi tano kwa mtu mmoja! Sokoni wali na nyama ni senti sabini, na unakaa upendavyo.

Bernadina aliposikia alisema hiyo ni gramafoni nyingine, ila hii ina mabenchi. Halafu akatoa sharti. Baba akale kwanza peke yake. Baba akisema gari hilo linastahili bei yake, atajua kwamba Bujiku ana akili ya kununua, naye atarudi kwake. Baba akisema halistahili, anabaki hapa.

Nilimwambia ndoa haipimwi kwa supu. Akanijibu kwamba nimefundisha watu kupima kwa miaka ishirini na mmoja. Ni kweli. Mizani, darasa la nne.

Mama Bernadina ananihimiza. Inasemekana Tabora inaonekana dirishani, na yeye hajafika Tabora.

Alhamisi, 8 Julai

Nimekwenda. Nimelipa mwenyewe. Siwezi kuamua nikiwa nimeshiba kwa fedha ya Bujiku.

Tikiti hununuliwa dirishani. Kalisti amevaa kofia yenye ukingo unaong'aa. Niliuliza kuna madaraja gani. La kwanza tu, akasema. Basi nikasafiri daraja la kwanza kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka 1929 nilikwenda shule Tabora daraja la tatu, na michembe yangu, viazi vitamu vikavu, mfukoni. Katika kituo kimoja behewa la chakula lilisimama mbele ya macho yangu: vitambaa vyeupe, bilauri, Mzungu anafuta masharubu. Kisha likavutwa mbele. Ushahidi wangu, basi, ni wa nusu dakika. Hapa mjini hakuna mwenye ushahidi zaidi, isipokuwa Kalisti, na yeye aliliona kwa upande wa sahani chafu.

Ndani kuna mabenchi yanayoelekeana mawili kwa mawili, meza katikati, na kila kitu kimepigiliwa misumari sakafuni. Nje ya madirisha kuna jora la kitambaa cha amerikani lililochorwa miti, ng'ombe, vilima na vituo. Wanaume wawili waliojificha hulizungusha kwenye magogo. Mtu wa tatu hutikisa bati. Na dunia inapita!

Kila kituo kina chakula chake. Kengele ikilia, sahani inabadilishwa. Tabora mkate. Shinyanga supu. Isaka wali na nyama. Mwanza chai. Nilimwita Kalisti nikamweleza taratibu kwamba ukitoka Tabora, Isaka hutangulia, Shinyanga hufuata.

"Najua, Mwalimu," akasema. "Mchoraji alikosea, na rangi ni ghali. Hakuna abiria aliyelalamika."

Nikamwambia nalalamika mimi.

"Basi na wewe umeshasafiri sana," akasema, akachukua bakuli langu. "Samahani. Gari limeondoka."

Mle ndani mlikuwa bado na vipande viwili vya nyama.

Niandike na hili kwa kuwa ni kweli: jora lilipoanza kwenda, nilishika meza.

Nimemwambia Bernadina kwamba bado sijaamua. Nilikula peke yangu, na gari si la mtu mmoja. Amekubali kuja Jumamosi. Kukaa tu, amesema. Kuongea hapana.

Ijumaa, 9 Julai

Nimeamka na wazo baya. Mabenchi yanaelekeana! Bujiku amekwisha kutununulia tikiti za meza moja. Yaani yeye huku, mama mkwe wake kule, na katikati yao bakuli la supu.

Nilimwita. Alipoelewa, alijifunika mdomo kwa mkono akakaa chini, hapo hapo mavumbini. Alikwenda kwa Kalisti mara ya kwanza na wenzake wa pampu. "Niliwaza gari tu, baba," akasema. "Nilimsahau mama."

Kalisti tumekwisha kumwomba ang'oe benchi moja. Amekataa. Eti behewa halibomolewi likiwa safarini.

Bujiku akashauri mama ajifunike kanga uso mzima. Nikauliza supu itapita wapi.

Mama Bernadina alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Kwa adabu hawezi kumsemesha mkwe. Kwa hiyo akamsemesha kuku, kwa sauti kubwa: "Kuku wewe! Benchi si lina mgongo? Mtu akikaa upande huu na mwenzake upande wa pili, nani amemwona nani?"

Bujiku akanyanyuka. Akamtazama kuku yule yule. "Asante, mayu," akamwambia, yaani mama kwa Kisukuma.

Ikawa hivyo. Mimi na Mama Bernadina meza moja. Bujiku nyuma ya mgongo wa mama, meza inayofuata; Kalisti amekubali kubadilisha tikiti mbili. Bernadina alihesabu nafasi zetu zilizobaki, akaona ni moja, nayo inamwelekea mumewe. Akasema huo ni mpango wetu. Mama yake akajibu kwamba ni mpango wa misumari ya Kalisti.

Jumamosi, 10 Julai

Tumerudi. Niandike kabla Mama Bernadina hajaanza kusimulia kwa namna yake.

Bujiku aliingia wa mwisho kati yetu, kinyumenyume, asimwone mama mkwe. Abiria wawili wageni walidhani ni sheria ya reli. Nao wakaingia kinyumenyume. Nilitaka kuwaeleza, lakini kengele ikalia.

Mkate wa Tabora ulikuja. Tukaondoka. Mama Bernadina alishika meza kwa mikono miwili, nami nikajifanya sijaona. Kabla ya kufika Shinyanga jora likanasa, likachanika toka juu mpaka kwenye ng'ombe. Mtikisa bati akaacha kutikisa. Kalisti akapita katikati akitangaza kwamba gari limeharibika, abiria wasishuke. Na kwa kuwa supu hutolewa kituoni tu, hatukuwa na cha kula wala cha kutazama.

Hapo ndipo nilipomsikia Bujiku, nyuma ya benchi.

"Gramafoni nimeiuza."

Nikasikia akisogeza sahani.

"Nimenunua mabati. Kumi na sita."

"Yako wapi?" Sauti ya Bernadina. Ile kuongea hapana ilikuwa imekwisha.

"Uani."

"Yanafanya nini uani?"

"Yamelala."

"Bujiku, mabati hukaa juu ya nyumba!"

"Bado misumari."

"Misumari imefanya nini?"

Niliweza kusikia watu wawili nje wakishona jora na kulaumiana.

"Fedha ya misumari," akasema, "ndiyo hii tunayokula."

Mama Bernadina alijitia kanga mdomoni. Mabega yake yalitikisika, benchi likatikisika, na Bujiku, aliyetenganishwa na mgongo wa mama kwa ubao mmoja tu, akasema, "Loo, gari limeanza."

Bernadina hakucheka. Lakini niliona jambo nilipoinuka kuomba chumvi: nyama yake yote ya Isaka ilikuwa katika sahani ya Bujiku. Sijui nani aliihamisha, wala kama ni kwa wema au kwa hasira.

Jora liliposhonwa walilizungusha upya tangu mwanzo, na Tabora ikapita kwa mara ya pili. Mama Bernadina akauliza, ndiyo hiyo? Nikaanza kumweleza kwamba stesheni yenyewe haiko hivyo, paa lake—

"Usinieleze, Baba Bernadina," akasema. "Ngoja ipite."

Ikapita.

Jumapili, 11 Julai

Baada ya misa. Bujiku yuko kwenye mihogo tangu tulipotoka kanisani. Naona kofia yake. Mama Bernadina anafagia uani. Amefagia sehemu ile ile mara tatu, kisha amezunguka na ufagio nyuma ya nyumba, ambako hakuna cha kufagia, ili njia iwe wazi. Kofia haijasogea.

Bernadina alikuja hapa mezani. "Shikamoo baba. Umeamua?"

Nimeamua, nikasema. Nimepima pande zote. Supu ni nyepesi. Vituo vimepangwa kinyume. Gari liliharibika njiani, na fidia hatukupewa. Halistahili shilingi tano. Shilingi mbili, labda, na wachore Isaka mahali pake. Nilisema hivyo kwa sababu aliniuliza bei, na bei ndiyo hiyo. Sikuweza kudanganya kwenye mizani, hata kwa binti yangu.

Aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Akaenda chumbani. Nikasikia sanduku likivutwa sakafuni kuelekea mlangoni.

Nikamwita, nikamwambia sijamaliza. Kuna sehemu ya pili ya hoja, na ndiyo kubwa: kwamba kitu chaweza kuwa hakistahili bei, na bado aliyekinunua—

"Andika, baba, nitasoma," akasema toka chumbani. "Ile misumari ya mabati iliyobaki tulipoezeka banda la kuku, uliiweka wapi?"

Iko chini ya kitanda changu, katika kopo la majani ya chai. Sijamjibu bado. Ninajaribu kumaliza sehemu ya pili.

Ameuliza tena.