Bakuli la Bwana Mkubwa

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, hofu ni kwako huko darajani, na safari hii kuna hofu nyingine ya nyongeza, nitakueleza. Vipi kikohozi? Vipi huyo msimamizi wenu asiyejua kucheka? Sikio langu bado ni lile lile. La kushoto halisikii kitu tangu wale wezi waingie usiku wanipige, la kulia linavuma, na simu nikiiweka hapo nasikia kama mtu anakaanga kitu. Kwa hiyo usichoke kuandika.

Mbwa wako amefika. Dereva wa lori alimshusha ndani ya boksi la sabuni, akanipigia kelele nisikie: "Mama, huyu akikua, wewe ndiye utakayeomba ruhusa kuingia ndani!" Ana miezi mitatu tu lakini unyayo wake unajaza kiganja changu. Aliingia jikoni, akatazama pande zote kama mkaguzi, akakaa. Nikampa jina hapo hapo: Bwana Mkubwa.

Sasa hofu yenyewe. Hataki kula. Nilinunua gunia dukani, lina picha ya mbwa anayecheka, nikajaza bakuli. Alinusa, akanitazama kama nimemtukana, akaenda kulala mlangoni. Nikajaribu uji. Akalamba mara moja. Nikajaribu wali na mchuzi, nyama ya kusaga, yai. Kila kitu anaonja mara ya kwanza, mara ya pili anafumba mdomo. Mwanangu, akifumba ule mdomo siwezi kuondoka pale, sijui nikwambieje. Umemleta awe masikio yangu, asikie mlango nisiousikia, na mimi naona atanifia kabla hajajifunza kubweka. Uliza huko alikotoka alikuwa anakula nini. Uliza upesi.

Mama yako


11 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo na sikio limepunguza kuvuma. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha, msimamizi hajaniacha. Tumeanza kuvuta nyaya za taa upande wa pili wa daraja. Nikiwa juu kule naiona barabara yote mpaka inapopotea, na huwa nakuwaza wewe na hilo geti lako.

Nimempigia mama mfugaji aliyeniuzia. Kwanza ametucheka. Anasema mbwa wa mbegu kubwa wengine wanachagua chakula tangu wadogo, na ukimbadilishia kila mara ndiyo unamfundisha kudeka. Sikiliza alivyosema. Gunia liwe limeandikwa kwamba ni la watoto wa mbwa wa mbegu kubwa. Si la mbwa tu, na si la watoto wa mbwa tu. Hayo mengine yanaweza kuwakuza haraka mno, na mbwa kama huyu anatakiwa akue polepole, mwili usiitangulie mifupa. Changanya la zamani na jipya kidogo kidogo. Weka bakuli, subiri, asipokula liondoe mpaka mlo unaofuata. Maziwa hapana. Nyongeza yoyote hapana.

Najua hiyo "liondoe" itakushinda. Wewe uliyekaa kliniki ya watoto maisha yako yote ukigombana na wanawake kwa sababu ya mtoto mwembamba, wewe uliyenibana pua ninywe mafuta ya samaki! Lakini Mama, huyu ni mbwa. Jitahidi. Kila nikilala nakumbuka uko peke yako na mlango usiousikia, na usingizi unaruka.

Binti yako


24 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na salamu nyingi. Mimi mzima, na leo naandika nikicheka peke yangu jikoni. Bwana Mkubwa anakula!

Nililitafuta gunia ulilosema, nikalipata. Akalikataa vilevile. Nikaondoa bakuli kama ulivyoagiza, mara moja, mara mbili. Ya tatu nikashindwa. Nikasema huyo mfugaji ana mbwa wengi, mimi nina huyu mmoja. Nikafanya ninavyojua. Chakula cha gunia nimekiloweka kwa maziwa ya unga yaliyokorogwa mazito, na viini vya mayai, na mafuta, na unga wa mifupa kutoka duka la chakula cha kuku, maana mbwa wa mifupa mikubwa anataka madini ya chokaa kwa wingi, hilo halihitaji kusomea. Anakula kwa kijiko, kutoka mkononi mwangu, amekaa wima kama mgonjwa wa wodi ya kulipia. Akigeuza kichwa namwambia yale yale niliyokuwa nawaambia watoto: hiki cha mama, hiki cha baba, hiki cha dada aliye mbali.

Unaukumbuka mzani wa kuning'iniza walionipa nilipostaafu? Nimeutundika kwenye boriti, nikamtia Bwana Mkubwa kwenye ile suruali ya kupimia watoto. Jirani yangu fundi cherehani aliingia akakuta miguu minne inaning'inia, akakaa chini kwa kicheko. Lakini ungeona mshale unavyozunguka! Kila wiki anapanda. Mimi mtoto akipanda uzito nalala, na sasa nimeanza kulala.

Mama yako


2 Aprili

Shikamoo Mama,

U hali gani? Mimi mzima, ila barua yako imenitoa kijasho. Nilimsomea mama mfugaji hicho chakula chako kwenye simu. Safari hii hakucheka. Alisema, "Mwambie aache unga wa mifupa leo, asisubiri kesho." Chakula cha gunia kina chokaa yake tayari, imepimwa. Ukimwongezea nyingine, na huku ananenepa upesi hivyo, miguu inapinda, na ikipinda vibaya hainyooki tena. Anauliza kama anachechemea. Anachechemea, Mama? Nijibu hata kwa neno moja.

Na niambie jambo jingine. Unaogopa nini hasa? Mimi mwenyewe nilikuwa nasumbua kula na nimekuwa jitu zima. Lakini katika barua zako nauona huo mdomo wake unaofumbwa mpaka na mimi naanza kuuogopa, na sijui kwa nini.

Mvua imeanza. Wanasema barabara ya bondeni itakatika, kwa hiyo namkimbilia dereva na karatasi hii kabla hajawasha lori.

Binti yako


20 Aprili

Shikamoo Mama,

Uko mzima? Leo siulizi kwa mazoea, nauliza kweli. Barabara ilikatika, dereva akakwama bondeni na barua yangu mfukoni. Mnara wa simu nao umeanguka. Sasa njia imefunguka, lori limerudi na barua za watu wote, hata mpishi aliyegombana na ukoo wake mzima amepata mbili. Mimi sikupata.

Dereva nilimwagiza apite nyumbani. Amepita. Anasema geti lilikuwa limefungwa, akagonga mpaka mkono ukamuuma. Nikamwambia mama hasikii. Akasema, "Hilo nalijua. Lakini hakuna mbwa aliyebweka."

Mama, tangu aniambie hivyo sishiki waya vizuri. Msimamizi amenishusha chini, anasema hataki maiti kwenye daraja lake. Ruhusa nimeomba, amekataa. Nawaza wale watu wamerudi. Nawaza umeanguka bafuni. Kama anayesoma barua hii ni jirani yetu fundi cherehani, tafadhali dada, niandikie chochote, hata kama ni kibaya.

Binti yake


22 Aprili

Mwanangu,

Usiogope. Mimi mzima. Nimeiokota barua yako ya tarehe mbili chini ya geti, imelowa, nikajua dereva amegonga akakosa mtu na wewe huko roho iko mkononi. Sikuwepo. Siku hizi zote nashinda kwa daktari wa mifugo, kwenye benchi pamoja na wenye mbuzi na wenye kuku.

Umeuliza kama anachechemea. Hachechemei tena, mwanangu, kwa sababu hasimami. Ilianza kwa kujivuta akitoka kulala. Mimi nikasema ni udhaifu, nikaongeza unga wa mifupa. Halafu miguu ya mbele ikavimba juu ya nyayo na kupindia nje. Asubuhi moja niliamka nikamkuta mdomo wazi, shingo imenyooka. Alikuwa analia, na mimi simsikii. Jirani ndiye aliyekuja kuniambia kwamba mbwa wangu analia tangu alfajiri. Tulimpeleka kwa toroli.

Daktari ni kijana mpole. Aliuliza anakula nini. Nikamtajia, tena kwa majivuno, kama natoa somo kliniki. Akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "chakula hiki umekitoa kwenye mapenzi, lakini kinamvunja." Kuanzia sasa ni chakula kimoja tu, cha mbegu kubwa, cha kupimwa kwa kikombe, asubuhi, mchana na jioni. Maji ya uvuguvugu juu yake naruhusiwa, basi. Alimwekea aina mbili tuone atapenda ipi. Cha samaki alikikalia. Cha kuku alikinusa, akakinusa tena, akafumba mdomo. Daktari akasema, "Hiki. Atagoma, na wewe muache agome. Anakunywa maji, macho yake mazima, mlo mmoja hautamuua. Ukimlegezea, miguu haitarudi." Nikamuuliza, kwani nisipomlegezea itarudi? Akaanza kukusanya vifaa vyake.

Uliniuliza naogopa nini. Unajua ulikuwa na kaka aliyekutangulia. Tulikuambia ilikuwa homa. Homa ilikuja mwishoni. Kwanza aligoma kula. Sikuwa muuguzi wakati ule, nilikuwa msichana tu mwenye mtoto. Nilishika kijiko, akafumba mdomo, nikasubiri aufumbue. Niliendelea kusubiri. Kazi ya kliniki niliitafuta kwa sababu hiyo, na kila mtoto niliyemlisha pale nilikuwa namlisha yeye. Sasa naambiwa niondoe bakuli mbele ya mdomo uliofumbwa. Sijui kama nitaweza. Naogopa, mwanangu. Naogopa vibaya sana.

Mama yako


1 Mei

Shikamoo Mama yangu,

Barua yako nimeisomea nyuma ya jenereta ili watu wasinisikie. Nilianza kwa kushukuru kwamba uko hai, halafu nikafika mwisho nikakaa chini.

Kuhusu kaka, pole, pole sana Mama. Siku ukiweza, niambie alifananaje. Sijawahi kuuliza kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa akimtaja.

Kuhusu bakuli, sisemi tena kwamba huyu ni mbwa tu. Nakuomba kitu kimoja: ukishaliweka, usimtazame. Akikuona unamtazama atakusubiri wewe na kijiko chako. Mpe mgongo. Mikono ikikuwasha, ishikishe kazi nyingine. Niandikie mimi.

Msimamizi amekubali niondoke taa zikishawaka, si kabla. Nimemsihi mpaka nimejisikia vibaya. Piga moyo konde, Mama.

Binti yako


14 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Salamu kwako, na leo hofu iko kwangu yote.

Naandika nimempa mgongo. Bakuli liko karibu na mlango, mimi niko mezani nautazama ukuta. Sikio linavuma, kwa hiyo hata akitafuna siwezi kujua.

Siku ya kwanza aligoma asubuhi na mchana. Nililiondoa bakuli kwa pupa mpaka punje zikamwagika. Jioni akala kidogo, akainua kichwa, akaliangalia kabati la maziwa. Maziwa yenyewe nimempelekea jirani pamoja na unga wa mifupa, nikamwambia nikija kuomba anifukuze. Nimekwenda kuomba. Amenifukuza na mlango akafunga, na kama alinitukana sikusikia.

Tangu hapo leo anakula nusu, kesho anagoma. Jana mchana amegoma, jioni pia. Amekonda. Daktari alipita, akampapasa, akasema mbavu zikihisika kidogo ndiyo vizuri, mimi nikageukia dirishani. Mguu wa kulia umeanza kunyooka. Wa kushoto hausemi kitu. Kwenda nje bado tunambeba kwa shuka, mimi na jirani, kila mtu upande wake.

Asubuhi hii nimeweka bakuli, akalitazama, akanitazama, akafumba mdomo. Nikajikuta mkono umeshaingia mfukoni mwa aproni kutafuta kijiko. Nikachukua kalamu badala yake. Ukiona mwandiko umekwenda upande, sababu ni hiyo.

Umetaka kujua kaka yako alifananaje. Alikuwa na masikio kama yako, yaliyotokeza. Akipiga chafya alikuwa anacheka, sijui kwa nini, kila akipiga chafya anacheka, na sisi tunacheka naye. Marehemu baba yako alikuwa akijifanya anapiga chafya ili amchekeshe. Alizaliwa mnene. Alipenda kulalia tumbo langu, na mkono mmoja anaushika mkufu wangu asiuachie. Sijawahi kumwambia mtu haya.

Muda aliosema daktari bakuli likae nadhani umepita, inabidi nigeuke niliondoe bakuli. Sitaki kugeuka. Nikilikuta limejaa sijui nitafanya nini, maana miguu yangu ya kwenda kwa jirani inajua njia.

Subiri.

Kuna kitu kimegusa kisigino changu. Sijageuka. Ni kidevu. Kimelowa, na kina punje zilizogandia kwenye manyoya, nazihisi zinanikwaruza. Kutoka mlangoni mpaka hapa ni sakafu nzima ya jikoni, na humu ndani hakuna mtu wa kumbeba.

Nimeshusha mkono bila kutazama. Ameulamba, kisha akauegemea mguu wangu kwa uzito wake wote. Anatetemeka. Sijui amemaliza bakuli au ameacha nusu, na sijui huo mguu wa kushoto utamshika mpaka lini. Bado naogopa. Ngoja nitie sahihi kwanza, halafu nitageuka.

Mama yako