Fomu Zilizokaa Kwenye Droo

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Mjukuu wako asitoke bila sweta, na biskuti ni moja tu, nakujua.

Asubuhi uliponiuliza fomu za kumleta Baba zimefikia wapi, nilikujibu vibaya. ~~Wakili ndiye anayechelewesha.~~ Hapana, ziko kwenye droo yangu. Viza ya matembezi ingemleta mwezi ujao, ila nilijua akiondoka mtaondoka wote. Mwamba ngoma huvutia kwake: nikachagua njia ndefu, ya kuhamia, na hata hiyo nikaikalia.

Leo nimezifungua fomu, nikakuta swali: mume na mke waliishi pamoja mara ya mwisho lini? Ulikuja huku kwa miezi mitatu tu, nilipojifungua. Mtoto huyo sasa anaandika jina lake.

Naenda kumwombea Baba viza ya matembezi. Sanduku lako nimelishusha kutoka juu ya kabati.

Mwanao