Ovaroli ya Marehemu Inapumua

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana nyumba yangu imekuwa tanuri. Mimi ni mjane, mshonaji, mtu wa sala, na kitindamimba wangu, binti, alisomea ufundi umeme ila akili yake yote iko kwenye sanaa, anachanganya rangi, waya, nguo kuukuu na mota, mimi husema tu "Mungu akuongoze", mpaka juzi nilipoingia chumbani kwake nikakuta ovaroli ya marehemu baba yake, ile ya karakana yenye kiraka nilichokishona mwenyewe gotini, imetundikwa ukutani, kifua kinapanda, kinashuka, kwa pumzi ileile ya ugonjwa wake, fupi, fupi, inakwama, halafu ndefu.

"Mama, ni mpira na pampu tu," akasema. "Nilirekodi pumzi ya baba wodini, nikaipanga mota iifuate."

Nikamwambia pumzi ni ya Mola, wewe nani?

"Basi usije kwenye maonyesho yangu Jumamosi."

Alipotoka nikaichomoa pampu nikaifukia kwenye ndoo ya unga, sasa anamshutumu kaka yake kwamba ameiuza, hawasemezani, nami niko katikati nakoroga chai kama sijui lolote. Je, nikiirudisha nitakuwa nimeshiriki dhambi?

*

Mama yangu, pole. Kuona kifua cha mwenzio kikipanda tena si jambo dogo, hata mimi ningetafuta mlango. Lakini tuambiane ukweli: unaogopa dhambi ya binti, huku unamwacha mwanao wa kiume abebe wizi wako? Sala ya namna hiyo inafika wapi?

Binti hajamfufua mtu. Angetaka kuchezea mota angetengeneza feni. Alikaa kando ya kitanda akimsikiliza baba yake akihangaika, na wewe unavyolia kwa sala, yeye analia kwa waya.

Leo, si kesho, itoe pampu, uipulize vizuri, unga na mota havipatani. Waite wote wawili useme, "Ni mimi." Usiongeze "lakini". Kisha mwambie binti kinachokuuma hasa: kwamba yeye anayo pumzi ya wodini tu, ila ile ya baba yao akilala fofofo baada ya kazi unayo wewe peke yako. Kaa mbele ya kinasa sauti chake, umwigize mumeo alivyopumua usingizini, naye aipange mota upya. Usipofanya hivyo, Jumamosi watu watamjua mumeo kwa maradhi yake tu.