Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Delhi, India

Mdogo wangu Yosia,

Marahaba. Nimetangulia kuitikia, maana shikamoo yako huwa inachelewa kama mvua ya huko kwetu Mabawe. Magoti yako yanasemaje? Mimi napumua, ingawa koo sasa linakataa hata uji. Daktari alizungumza na Adela Kiingereza kirefu sana, na huyu binti yangu akanitafsiria kwa maneno mawili tu: "Tutaona, baba." Nikajua.

Siku ambazo hospitali hawanitaki, Adela ananikokota kwenye utafiti wake wa historia ya mji huu. Kila mfalme aliyekuja alijenga mji wake pembeni ya ule wa mwenzake, kama mtu anayekimbia kunguni. Makaburi yao yanalipita kanisa letu kwa ukubwa. Lakini Adela hawataki wafalme, anatafuta waliobeba mawe. Juzi nilimkuta kwenye ngazi za kaburi moja, analia.

"Umempata nani?"

"Hata mmoja, baba. Walizikwa humuhumu, mji ukajengwa juu yao."

"Basi inuka, pengine umemkalia mtu."

Hakucheka. Na mimi utani ulinikwama, kwa sababu asubuhi ile ulikuwa umepiga simu kusema mnyauko umeingia shambani, na bwana shamba ameagiza mng'oe migomba yote.

Sikia, Yosia. Mama alipokufa ulikuwa bado unanyonya. Baba alimzika shambani kama tunavyozika, akapanda mgomba juu yake, basi. Hakuna msalaba, hakuna simenti. Nilidhani alikuonyesha, hadi nilipokusikia kwenye simu ukisema utaanzia nyuma ya jiko. Ndio huohuo. Ule unaouegemea ukitoka kunywa rubisi. Miaka yote hiyo, mlevi wewe, ulikuwa umemwegemea mama yako.

Waliomzika wamekwisha, nimebaki mimi na koo hili. Mgomba ung'oe, ugonjwa usienee kwa majirani. Ila kwanza pazungushie mawe, na wanao wawepo, wapaone kwa macho yao.

Nisalimie shemeji yangu, na binti yako aliyeolewa Murukulazo. Katekista wetu, anayependa kuhubiri kwamba hata wafalme hufa, mwambie wa huku nao walikufa wote, nimehakikisha.

Upande wa kulia wa mama pana nafasi, niachie. Nikichelewa, usipaegemee.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria